Kifuu na Platinamu: Jinsi Mkaa Ulivyoingia Ndani ya Betri

Aliyekulia kwenye nyumba yenye redio ya betri anakijua kile kijiti cheusi. Nguvu zilipoanza kuisha na sauti ya mtangazaji kufifia, betri zilitolewa, zikaanikwa juani, zikarudishwa, zikasukuma siku mbili tatu zaidi. Zilipokufa kabisa zikawa mali ya watoto. Walizipasua kwa jiwe, na ndani ya gamba la zinki lililoanza kutoboka wakakuta unga mweusi wenye unyevu, na katikati ya unga kijiti kigumu, chepesi, kinachoandika ukutani kama kalamu.

Kijiti kile ni kaboni, ndugu wa damu wa mkaa wa jikoni. Ukifuatilia ukoo wake utafika karne ya 19, pale kaboni ilipopewa kazi iliyokuwa ikifanywa na platinamu, metali ya thamani ambayo watu wa kawaida wasingeweza kuinunua. Tangu wakati huo kisa hicho kimejirudia mara kadhaa. Kila umeme ulipotaka kutoka maabara uende kwa watu, platinamu ilisimama mlangoni ikidai bei yake, na wataalamu wakarudi kwenye kaboni kutafuta njia. Safari hii wamerudi hadi jalalani: kaboni wanayoitafuta inatoka kwenye vifuu vya nazi, pumba za mpunga, maganda ya kamba wa baharini na gugumaji.

Kabla ya umeme

Mchoma mkaa hufanya kazi ya kemia bila kuiita hivyo. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huacha matundu machache ya hewa, kisha huwasha. Kutoka hapo kazi yake kubwa ni kusoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba wenye rangi ya samawati, gogo limekwisha kuwa mkaa, na matundu huzibwa. Hewa ikizidi atafukua majivu. Ikipungua mno atafukua magogo yaliyoiva nusu.

Anachofukua ni kiunzi cha mti. Maji, lami na gesi vimetoka, kaboni imebaki, na ndani yake imebaki mirija ile ile iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Vunja kipande cha mkaa mzuri ukitazame mwangani: utaona vitundu vimejipanga kama vilivyokuwa mti ulipokuwa hai. Mmea umekufa, umeungua, lakini ramani yake haijafutika.

Afrika Mashariki iliutumia mkaa kwa kazi nzito mapema sana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba magharibi mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya, mafundi walizalisha chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mabomba yao ya udongo yaliingia ndani ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kuufikia mkaa. Kaboni ilifanya kazi mbili humo: ilitoa joto, na ikayanyang'anya mawe yenye chuma oksijeni yake. Ugomvi huo wa kaboni na oksijeni ndio utakaotufuata hadi ndani ya betri.

Huko Ulaya, mwaka 1773 Carl Wilhelm Scheele alipima jinsi mkaa unavyofyonza gesi, na mwaka 1785 Tobias Lowitz, akifanya kazi St. Petersburg, akagundua kwamba unaondoa rangi kwenye vimiminika. Mkaa ukaanza kutazamwa kwa jicho jipya: pamoja na kuwaka, ulikuwa na uwezo wa kushika vitu.

1839–1866: Bunsen anaiondoa platinamu

Alessandro Volta alitangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Miongo minne baadaye, William Robert Grove, mwanasheria na mwanafizikia mzaliwa wa Swansea huko Wales, alifanya mambo mawili yaliyochora barabara mbili za historia hii.

La kwanza, mwaka 1839, lilikuwa betri yenye nguvu kuliko zilizotangulia: zinki upande mmoja, platinamu ndani ya asidi ya nitriki upande wa pili. La pili lilikuwa geni zaidi. Ilikwisha kujulikana kwamba umeme ukipitishwa majini huyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni. Grove aliuliza kama safari hiyo ina marudio. Akaziweka gesi hizo kwenye mirija miwili, akachomeka vipande vya platinamu vilivyogusa gesi na asidi kwa pamoja, na umeme ukatoka. Mwaka 1842 alieleza kwa kirefu betri yake ya gesi, mama wa seli za haidrojeni za leo.

Betri zote mbili zilidai platinamu. Kwa ile ya kwanza jibu lilikuja haraka. Mwaka 1841 Robert Bunsen, aliyekuwa akifundisha Marburg, Ujerumani, aliiondoa platinamu akaweka kaboni iliyofinyangwa kutokana na makaa ya mawe na kuokwa. Umeme ulikuja vilevile, gharama ikaporomoka. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché akasajili betri ya zinki, manganizi na kaboni, ikaingia kwenye telegrafu, kengele na baadaye simu. Carl Gassner alipoifanya kavu katika miaka ya 1880, njia ya kufikia redio za vijijini ilikuwa imefunguka.

Kwa betri ya gesi, mbadala wa namna hiyo haukupatikana. Sababu yake ndiyo roho ya historia hii. Kwa Bunsen, kaboni ilitakiwa kupitisha umeme na kuivumilia asidi tu. Kwenye betri ya gesi ilitakiwa kufanya zaidi. Molekuli ya oksijeni ni atomu mbili zilizoshikana kwa nguvu, na bila kuzitenganisha hakuna umeme wa kutosha. Lazima kiwepo kitu cha kukutanisha oksijeni, haidrojeni na umeme. Kitu hicho huitwa kichocheo, na kazi yake inafanana na ya mshenga: hukutanisha pande mbili, mambo yakatimia, naye akabaki alivyokuwa, tayari kwa posa nyingine. Platinamu ilikuwa mshenga hodari. Kaboni ya wakati ule ilikuwa mpitishaji tu.

1915–1918: Vita inafunua vinyweleo

Tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini ielekee kwenye mahandaki ya adui. Hofu ya siku ile iliwafanya wanakemia wa pande zote wautafute mkaa. Urusi, Nikolai Zelinsky alibuni barakoa yenye mkaa uliotengenezwa maalumu. Marekani walijaribu malighafi nyingi, na iliyotia fora ilikuwa kifuu cha nazi.

Kifuu kina siri yake. Ni kigumu, kimeshikamana, na kikichomwa huacha mkaa usiopukutika, wenye vinyweleo vidogo kiasi kwamba molekuli ya gesi inaingia na kunasa. Mkaa huo ukipitishiwa mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, vinyweleo huongezeka na kuwa mkaa amilifu. Gramu moja tu hubeba ndani yake eneo linalozidi mita za mraba 1,000. Kiganja cha unga huo, ungekunjuliwa, ungetandika uwanja wa mpira na kubaki.

Vifuu havikutosha vita. Mwaka 1918 Wamarekani waliombwa wasitupe kokwa za pichi, aprikoti na plamu wala maganda ya jozi. Yalikusanywa na kupelekwa kuchomwa. Tangazo la wakati huo lilisema ratili 7 za kokwa na maganda, zaidi kidogo ya kilo 3, zilitosha barakoa moja. Mtoto aliyekula pichi akaiweka kokwa mfukoni alikuwa akichangia mkaa wa kumlinda mtu asiyemjua. Kwa wataalamu, vita iliacha somo la kudumu: mmea uliouzaa mkaa ndio unaoamua vinyweleo vyake.

1932–1970: Kaboni inavuta pumzi

Mwaka 1932 George Heise na Erwin Schumacher wa kampuni ya National Carbon, Marekani, walitumia vinyweleo hivyo kwa kazi ya amani. Walitengeneza betri ya zinki inayovuta oksijeni hewani kupitia kaboni, na kaboni yenyewe wakaipaka nta ili kimiminika kisifurike na kuziba njia za hewa. Betri hizo zilihudumia ishara za reli. Nyepesi zaidi za ukoo huo leo zimo kwenye vifaa vya kusaidia kusikia; ukibandua kibandiko cha betri hiyo, unakiachia kitundu kianze kupumua.

Betri ya gesi nayo ilifufuka. Mwingereza Francis Thomas Bacon aliianza kazi yake miaka ya 1930, na mwaka 1959 akaonyesha mtambo wa kilowati 5. Agosti 1965 chombo cha Gemini 5 kikaenda angani na seli za haidrojeni zilizotegemea platinamu. Safari za anga zilikuwa na bajeti ya serikali nyuma yake, kwa hiyo bei haikuwa kizuizi. Karl Kordesch, mwanakemia mzaliwa wa Austria, alitaka kuziteremsha duniani. Kwa elektrodi nyembamba za kaboni alitengeneza pikipiki ya haidrojeni mwaka 1967, na mwaka 1970 akaliendesha barabarani gari lake la Austin A40, mitungi ya haidrojeni ikiwa imefungwa juu ya paa.

Katikati ya miaka hiyo, mwanamke mmoja alijibu swali ambalo thamani yake ingeonekana nusu karne baadaye. Rosalind Franklin anakumbukwa kwa picha za DNA, lakini kabla ya hapo alichunguza kaboni London, kisha Paris kwa eksirei. Mwaka 1951 alionyesha kwamba kaboni ziko za koo mbili. Moja ikipashwa joto kali hujipanga tabaka juu ya tabaka ikawa grafaiti, yale madini ya kinywe yaliyopo Mahenge, Tanzania. Ya pili hukataa hata kwenye nyuzi 3,000: tabaka zake zimefungamana ovyo, zimeacha mianya, hazikubali kulala sawa. Mkaa wa miti na wa vifuu uko kwenye ukoo huu wa wakaidi. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, kabla ya kuona ukaidi huo ukigeuka mtaji.

1964–2016: Somo kutoka kwa damu na jani

Mwaka 1964 Raymond Jasinski aliripoti katika jarida la Nature kwamba kemikali ya jamii ya rangi za viwandani, ikiwa na atomu ya kobalti katikati, inachochea oksijeni. Umbo lake halikuwa geni kwa viumbe. Atomu ya metali imekaa kati ya naitrojeni nne, kama chuma kinavyokaa kwenye damu yetu kikibeba oksijeni, na kama magnesi inavyokaa kwenye ukijani wa majani. Mshenga wa pili alikuwa amepatikana, lakini hakudumu. Asidi ilimmaliza mapema.

Watafiti wakajaribu kumchoma pamoja na kaboni ili akomae. Jambo la ajabu likatokea: kwenye joto kali kemikali ile ilivunjika, lakini uchocheaji ukabaki, na ukadumu zaidi. Mwaka 1989, huko Cleveland, kundi la Ernest Yeager lilikwenda mbali zaidi. Halikutumia kemikali ile ghali hata kidogo. Lilichanganya plastiki yenye naitrojeni, kaboni na chumvi ya chuma au kobalti, likavichoma pamoja, na kichocheo kikapatikana. Hapo ndipo historia ilipogeuka. Kama kinachotakiwa ni kaboni, naitrojeni na chembe za chuma motoni, basi kunde ina vyote vitatu. Damu ya machinjioni inavyo. Jani linavyo. Ilibaki mtu kuona hivyo.

Mwaka 2009 milango miwili ilifunguka pamoja, yote katika jarida la Science. Jean-Pol Dodelet na wenzake wa Quebec walitangaza kichocheo cha chuma na naitrojeni ndani ya vinyweleo vya kaboni, chenye uwezo wa kuanza kulinganishwa na platinamu. Liming Dai na wenzake wakaonyesha mirija midogo ya kaboni yenye naitrojeni, bila kutegemea metali, ikichochea oksijeni vizuri ndani ya alikali. Maelezo yao yalikuwa mepesi kuelewa: naitrojeni ina tamaa ya elektroni kuliko kaboni, huzivuta kutoka kwa jirani zake, na jirani aliyepungukiwa ndiye anayeipokea oksijeni. Mwaka 2011 Piotr Zelenay na wenzake wa Los Alamos waliboresha kichocheo cha chuma na kobalti, na mwaka 2016 kundi la Tsukuba, Japani, likaonyesha kwamba kaboni iliyo jirani na naitrojeni ya pembeni mwa tabaka ndiyo inayofanya kazi.

Mchoma mkaa angesema naitrojeni ni uchafu wa kuondoka na moshi. Sasa uchafu huo ulikuwa na thamani kuliko usafi.

Miaka ya 2010: Shamba linaingia maabara

Njia ya kuchoma ilikuwa imeshaandaliwa. Friedrich Bergius, mnamo 1913, aliwahi kuyageuza mabaki ya mimea kuwa kitu kama makaa ya mawe kwa kuyapika majini chini ya mgandamizo. Karibu karne moja baadaye Markus Antonietti na wenzake, Potsdam, waliifufua njia hiyo, kwa sababu haihitaji kwanza kuyakausha mabaki yaliyoloa.

Kisha majina ya jikoni na ziwani yakaanza kujaa majarida ya kemia: soya, ute wa yai, manyoya ya kuku, maganda ya kamba, gugumaji. Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mabaki huoshwa, hukaushwa, husagwa. Huchomwa mara ya kwanza bila hewa, kisha huchanganywa na alikali kali na kurudishwa tanurini kwenye nyuzi 700 hadi 1,000. Joto likipungua, kaboni haipitishi umeme vizuri. Likizidi, naitrojeni inatoroka. Ni ule ule mtihani wa mchoma mkaa, ila hapa gesi ya naitrojeni imechukua nafasi ya udongo na kipimajoto kimechukua nafasi ya moshi. Baadaye majivu huondolewa kwa asidi.

Unga unaobaki hutiwa kwenye kimiminika ukawa wino. Tone moja hudondoshwa juu ya diski yenye upana wa milimita 5, ndogo kuliko kifungo cha shati. Diski huzamishwa kwenye alikali iliyojaa oksijeni na kuzungushwa, mara nyingi mizunguko 1,600 kwa dakika, huku mashine ikichora mstari wa umeme. Mstari wa platinamu huchorwa pembeni. Hapo ndipo gugumaji hukabiliana na platinamu.

Ndani ya alikali, mkaa wa mimea ulikaribia platinamu mara nyingi, na wakati mwingine ukaipita. Kwa betri za zinki na hewa, hiyo ni habari njema kweli. Ndani ya asidi, zinamofanya kazi seli nyingi za haidrojeni za magari, bado unachakaa mapema. Tatizo lingine lilikuwa la uaminifu. Mimea hubeba chuma na manganizi kutoka udongoni, na makala nyingi zilizosema kichocheo hakina metali hazikuwa zimehakikisha hivyo. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake walitia kinyesi cha ndege kwenye kaboni, uchocheaji ukapanda, na wakakitumia kuuliza jambo zito: tunaelewa kinachofanya kazi, au tunachoma tu kila kinachopatikana? Swali hilo lilistahili kuulizwa. Orodha ya mimea haiwi elimu mpaka ijulikane kwa nini mmea mmoja unafaa na mwingine haufai.

Tangu 2000: Ukaidi unapata soko

Wakati vichocheo vikiendelea kupimwa, kaboni ya mimea ilifika sokoni kwa mlango mwingine. Betri za lithiamu zilizouzwa na Sony kuanzia mwaka 1991 ziliipa kaboni kazi ya kulaza lithiamu. Kinywe kikaimiliki kazi hiyo. Lakini sodiamu, iliyojaa kwenye chumvi ya bahari, haikai vizuri kati ya tabaka za kinywe. Mwaka 2000 D. A. Stevens na Jeff Dahn, Halifax, Kanada, walichoma sukari ya glukosi wakapata kaboni ngumu, ya ule ukoo mkaidi wa Franklin, na sodiamu ikaingia kwenye mianya yake na kutoka.

Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya sodiamu yenye kaboni ngumu. Mwaka huo huo Stora Enso ilifungua Sunila, Finland, kiwanda cha majaribio cha kutengeneza kaboni ngumu kutokana na lignini, gundi ya miti inayobaki karatasi inapotengenezwa. Mei 2024, Guangxi, China, kituo cha sodiamu cha saa-megawati 10 kilianza kuhifadhi umeme wa gridi. Aina nyingi za betri hizo hazihitaji kobalti, jambo ambalo watu wa Kolwezi, huko Kongo, nchi inayotoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti duniani, wana kila sababu ya kulifuatilia. Kifuu nacho hakikubaki nyuma: kampuni ya Kuraray ya Japani inauza mkaa amilifu wa vifuu kwa ajili ya kapasita kubwa, vifaa vinavyojaa na kumwaga umeme kwa sekunde.

Kifuu kilicho mikononi mwetu

Huku kwetu mkaa unapita kwenye njia panda. Tanzania imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni uamuzi wa haki kwa misitu na kwa mapafu ya mama zetu. Lakini kuuondoa mkaa jikoni kusitufanye tuidharau kaboni. Sehemu kubwa ya historia hii haikudai gogo la msituni. Ilitaka kokwa, ganda na gugu lililoziba ziwa.

Kuna jambo moja linaloniuma. Sri Lanka, Ufilipino, India na Indonesia zilijenga viwanda vya mkaa amilifu wa vifuu na kuuza duniani. Pwani yetu ina minazi kuanzia Lamu hadi Mtwara, na vifuu vyake vingi huishia jikoni kuwashia moto. Kinachotutenganisha nao ni tanuri lenye kipimajoto, maabara yenye diski ya milimita 5, na kijana aliyefundishwa kuusoma ule mstari wa umeme kama babu yake alivyousoma moshi. Vitu hivyo vina bei, lakini si bei ya platinamu.

Leo asubuhi, katika nyumba nyingi za Pwani, mtu amekaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akakamua tui, akakitupa kifuu. Ndani ya kifuu hicho kuna vinyweleo vilivyowalinda askari wa 1918 na vinavyobeba umeme leo. Kijiti cheusi cha redio kilitufikia kikiwa kimetengenezwa na wengine. Kinachokuja baada yake tunacho tayari uani, kinangoja tukiokote.